Kitabu Kijacho ni Chaguo la Nani?

Wazee wetu wa pwani walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo ilikuwa onyo kwa mtu mwenye kuchagua mno, lakini siku hizi naona yafaa kukumbushwa watu wa namna nyingine kabisa, nao ni wale wanaokutana mara moja kwa mwezi kuzungumza juu ya kitabu walichokisoma. Vikundi vya namna hiyo si jambo la ajabu tena, Mombasa wala Nairobi. Viko vya walimu, viko vya akina mama, viko vya vijana waliomaliza shule, na viko vinavyokutana katika simu tu, bila ya wanachama kuonana uso kwa uso.

Nimekaa katika vikundi hivyo kwa miaka kadhaa, na liko jambo moja nililolitambua. Ugomvi mkubwa hauzuki juu ya kitabu kilichokwisha kusomwa. Juu ya hicho watu hupingana, wakacheka, wakanywa kahawa, wakaagana kwa wema. Ugomvi huzuka katika dakika kumi za mwisho, pale mtu anapouliza, "Haya jamani, mwezi ujao twasoma nini?" Hapo sauti hupanda. Na hapo pia, mara nyingi bila ya sauti yoyote, kikundi hupoteza watu.

Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba swali hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Anayechagua kitabu kijacho huamua pia nani atakuja mwezi ujao na nani atabaki nyumbani kwake.

ZAMANI MWALIMU NDIYE ALIYECHAGUA

Kusoma pamoja hakukuletwa na vikundi hivi. Sisi watu wa pwani tumesoma pamoja karne nyingi, ila hatukuwa tukichagua pamoja. Katika darsa za misikitini mwalimu hukaa na kitabu mbele yake, wanafunzi wakamzunguka, wala hapana apigaye kura. Mwenye kuanza fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi huanza na Safina, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut. Kisha hupanda kwenye vitabu vipana zaidi, mpaka akajaaliwa kufika kwenye Minhaji ya Imam Nawawi. Kitabu kijacho hujulikana kabla ya hiki kukwisha, kwa sababu ngazi ipo na kila kipandio kina mahali pake.

Katika nyumba zetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Pate kwa ajili ya bintiye, haukuenea kwa kuuzwa madukani. Ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa kwa sauti, ukahifadhiwa kwa moyo na wanawake ambao baadhi yao hawakupata kushika kalamu. Asiyejua kusoma alikaa akasikia, na akitoka hapo alikuwa amepata sawa na mwenziwe aliyeshika karatasi.

Mpango huo ulikuwa na upungufu wake. Mamlaka yote yalikuwa kwa mtu mmoja, na mwanafunzi hakuulizwa anapenda nini. Lakini ulikuwa na fadhila moja kubwa ambayo hatuitaji: nakala moja ilitosha watu thelathini. Kikundi cha kisasa kimeyachukua mamlaka ya mwalimu kikawagawia wanachama wote, na hilo ni jema. Ila katika kufanya hivyo kimemtwika kila mwanachama mzigo mpya, nao ni kuja na nakala yake mwenyewe aliyoinunua kwa fedha zake na kuisoma peke yake. Taabu nyingi nitakazozitaja zinatokana na mzigo huo.

WENGINE WALICHAGUAJE?

Kabla ya kurudi kwetu, hebu tutazame wenzetu wa nchi za mbali walivyolitatua swali hili, maana si sisi wa kwanza kulikuta.

Mfano unaonipendeza zaidi ni wa wafanyakazi wa viwanda vya sigara huko Cuba. Kuanzia mwaka 1865 mjini Havana, wafanyakazi hao waliokaa siku nzima wakikunja majani ya tumbaku waliweka msomaji wao. Msomaji alipanda juu ya jukwaa na kuwasomea kwa sauti, magazeti asubuhi na riwaya baadaye, nao mikono yao ikiendelea na kazi. Mshahara wake hawakuutoa matajiri wa kiwanda. Waliutoa wafanyakazi wenyewe, kila mtu akichanga kidogo. Na maadamu wao ndio waliolipa, wao ndio waliochagua riwaya ya kusomwa, kwa kura. Serikali ya kikoloni ya Hispania iliona hatari yake mara moja, ikapiga marufuku usomaji huo mwaka 1866. Lakini desturi haikufa. Ilirudi, ikavuka bahari pamoja na wafanyakazi hao hadi Florida, Marekani. Riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas juu ya mfungwa anayetoroka na kulipa kisasi iliwapendeza mno, hata jina lake likapewa sigara, na sigara za Montecristo zauzwa mpaka leo.

Msomaji aangalie vizuri jambo hili. Wale watu walipiga kura, lakini aliyeshindwa katika kura hakupoteza chochote ila ladha. Hakulazimika kununua kitabu asichokitaka, wala hakulazimika kukisoma usiku akiwa na usingizi. Riwaya ilimfikia masikioni hapo hapo alipokaa. Kura yao ilikuwa nyepesi kwa sababu nakala ilikuwa moja.

Njia ya pili ni ya jopo. Mwaka 1936 mchapishaji wa Uingereza, Victor Gollancz, aliunda chama kilichoitwa Left Book Club. Wanachama hawakuchagua lolote. Watu watatu, yaani Gollancz mwenyewe, Harold Laski na John Strachey, ndio walioamua kitabu cha kila mwezi, nacho kikamfikia mwanachama kwa shilingi 2 na peni 6, bei ndogo kuliko aliyouziwa mtu wa nje. Kufikia mwaka 1939 wanachama walikuwa wapatao 57,000. Bei iliwezekana kuwa ndogo kwa sababu mchapishaji alijua kabla ya kuchapa kwamba wanunuzi wapo. Walioafikiana mapema juu ya kitabu kimoja walikipata rahisi.

Njia ya tatu ni ya mtu mashuhuri. Septemba mwaka 1996, Oprah Winfrey wa Marekani alianza kuwatangazia watazamaji wa televisheni kitabu cha kusoma. Cha kwanza kilikuwa riwaya ya Jacquelyn Mitchard, na mara kikapanda kileleni mwa orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Tangu hapo mashuhuri wengine wamefuata nyayo hizo, na vikundi vingi duniani, hata vya hapa kwetu, huanza kuchagua kwa kutazama fulani amesema nini.

NANI HUTUCHAGULIA SISI?

Sasa turudi nyumbani. Tukiulizwa sisi wa Mombasa ni nani anayetuchagulia, tutajibu kwa haraka kwamba twajichagulia wenyewe. Mimi nasema tutazame vizuri. Kabla hatujafungua kinywa, watu watatu wamekwisha kutuchagulia, nao ni shule, tuzo na duka.

Tuanze na shule. Mkenya wa kawaida aliyemaliza kidato cha nne amezisoma riwaya za Kiswahili zilizotahiniwa katika mwaka wake. Wa kizazi kimoja watakutajia Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996; wa kizazi kingine watakutajia Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo; na waliokuja baadaye watakutajia Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Hivyo ni vitabu vizuri. Lakini msomaji aliyekisoma kitabu ili ajibu maswali ya mtihani huona kwamba kitabu hicho amekwisha kukilipa deni. Ukimtajia riwaya nyingine ya Kiswahili kikundini husikia harufu ya chaki. Ndiyo maana utaona watu wazima, wanaozungumza Kiswahili kitamu kutoka asubuhi hadi usiku, wakikutana kusoma Kiingereza tu. Hawakidharau Kiswahili, shule imewafundisha kwamba kitabu cha Kiswahili ni kazi, na kitabu cha Kiingereza ni starehe.

Wachapishaji nao wamelizoea jambo hili. Soko lao kubwa ni la shule, na kwa hivyo kitabu kisichotumainiwa kuingia shuleni hukawia kuchapwa, na kikikwisha dukani hukawia kurudi.

Wa pili ni tuzo. Hapa nina mfano ulio karibu mno nasi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alitoa riwaya yake iitwayo Paradise mwaka 1994. Mwaka huo huo iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker huko Uingereza. Ni habari za pwani yetu hii hii, biashara yake, misafara yake ya bara, na madeni yake. Juu ya hayo, ni wangapi miongoni mwetu waliokuwa wamelisikia jina la mwandishi huyo kabla ya Oktoba mwaka 2021, alipopewa tuzo ya Nobel? Baada ya hapo kila kikundi kilimtaka. Na tafsiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022 kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Yaani imechukua miaka 28 kwa hadithi ya pwani kurudi pwani kwa lugha ya pwani, na iliyoirudisha ni sauti ya wazee wa Sweden.

Nasema haya si kwa kuidharau tuzo hiyo, bali kwa sababu ya jambo nililoliona tulipokisoma kitabu chenyewe. Ndani yake mna kijana aitwaye Yusuf, anayechukuliwa na tajiri aitwaye Aziz kwa ajili ya deni la babake. Nyumbani kwa tajiri yumo mkewe, Zulekha, na liko vazi linalochanika kwa nyuma. Msomaji wa London huenda akahitaji kuelezwa. Lakini mzee wetu mmoja, ambaye hajapata kusoma riwaya maishani mwake, aliposikia jina la kijana na jina la tajiri alitabasamu akasema, "Basi shati lake litachanika nyuma." Alikuwa hajafungua ukurasa. Kumbe basi kuna vitabu ambavyo sisi, kwa yale tuliyosomeshwa chuoni tungali wadogo, twaweza kuvisoma vizuri kuliko hao waliovipa tuzo. Haifai kungoja tuambiwe.

Wa tatu ni duka. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya thamani hapa Kenya iliviondolea vitabu nafuu viliyokuwa nayo, vikaanza kutozwa asilimia 16. Riwaya iliyotoka ng'ambo huongezwa pia nauli na faida ya kila mkono uliopitia, hata ikifika rafuni si jambo la kununuliwa na kila mtu kila mwezi. Kikundi kinaposema, "Tusome hiki, kimesifiwa sana," mara nyingi hakijui kwamba kimesema pia, "Wenye fedha nyuma njooni mbele."

HESABU YA KURA

Vikundi vingi ninavyovijua huchagua kwa kura. Siku hizi jambo lenyewe ni rahisi: majina ya vitabu vitatu au vinne hutiwa katika simu, kila mtu akabonyeza alipendalo, na kesho yake jibu liko. Watu huona kwamba huo ndio uadilifu wenyewe, maana wengi wape.

Lakini tufanye hesabu kidogo. Chukua kikundi cha watu 12. Tuseme 7 kati yao wapenda riwaya za Kiingereza, na 5 wapenda mashairi na riwaya za Kiswahili. Mwezi wa kwanza wanapiga kura, 7 wanashinda. Mwezi wa pili wanapiga tena, 7 wanashinda. Mwaka unakwisha, na katika vitabu 12, Kiswahili hakikupata hata kimoja. Hapana aliyedhulumu wala aliyeiba kura, na hata hivyo watu 5 kati ya 12, karibu nusu ya baraza, wamekaa mwaka mzima wakisoma chaguo la wenzao.

Watu hao 5 hawatagombana. Sisi watu wa pwani hatupendi kugombana katika nyumba ya mtu tuliyekaribishwa kahawa. Wataanza kuchelewa, kisha watatoa udhuru, kisha hawataonekana. Na kikundi kitasema, "Wenzetu hawa hawana moyo wa kusoma."

Na wale wasio na fedha nao huondoka kwa njia hiyo hiyo. Katika kikundi kimoja nilichokaa alikuwako mama mmoja anayeuza mahamri, msomaji hodari kuliko wengi wetu, mwenye kukumbuka kila jina na kila tukio. Miezi mitatu mfululizo alileta habari kwamba ana wageni. Nilipomwendea kumwuliza hali, nikamwambia, "Mama, wageni gani hawa wasioondoka?" alicheka. Kisha akasema, "Mwanangu, nyinyi mwachagua baina ya kitabu na kitabu. Mimi nachagua baina ya kitabu na unga."

Maneno hayo hakuyasema barazani, wala hangeyasema. Mtu atasema ana wageni, ana mafua, ana arusi ya jirani, hatasema sina. Kwa hiyo kikundi kinachongoja mtu alalamike juu ya bei kitangoja sana.

ZAMU HUTENDA HAKI

Nimeona njia nyingine, nayo ni zamu. Majina ya wanachama huandikwa, kila mwezi mtu mmoja huchagua, wengine wakafuata, hata kama wao wangependa kitu kingine. Tukirudi kwenye hesabu yetu, kwa zamu wale 5 watapata vitabu 5 katika mwaka, na wale 7 watapata 7. Kila mtu atasoma cha mwenzake na kila mtu atasomewa chake.

Iko faida ya pili. Aliyechagua kwa zamu ana dhamana. Katika kura hapana mwenye kitabu; kikichosha, kila mtu husema si mimi niliyekitaka. Katika zamu yuko mtu mmoja aliyesema hiki kitatufaa, na siku ya mkutano atakaa mbele ya wenziwe akieleza kwa nini. Nimemwona fundi wa cherehani, mtu mkimya asiyezungumza miezi yote, zamu yake ilipofika akaileta Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga mshairi huyo wa Mombasa akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, na yaliyochapwa mwaka 1973. Fundi alisimama akayasoma kwa sauti, na waliodhani kwamba mashairi ni ya watoto wa shule walinyamaza. Kwa kura, kitabu hicho kisingepita abadan. Angekipigia mtu mmoja.

Najua yatakayosemwa dhidi ya zamu. Watasema, je, akitokea mtu akachagua kitabu kibovu? Jawabu langu ni kwamba kitabu kibovu kwa mwezi mmoja si msiba, na mara nyingi huzungumzwa vizuri kuliko kizuri, kwa kuwa kila mtu ana la kusema. Watasema tena, je, akichagua kitabu cha kurasa 700? Hapo ndipo penye haja ya mipaka, nayo iwekwe kabla, si baada. Kikundi kiseme: kisizidi kurasa kadhaa, kisizidi bei kadhaa, na angalau nakala mbili au tatu ziwe zinapatikana hapa mjini. Ndani ya mipaka hiyo mwenye zamu ni huru.

HAYA NAYO INA NAFASI YAKE

Liko swali jingine ambalo kwetu sisi haliwezi kukwepwa, nalo ni la adabu. Katika kikundi kimoja mwaweza kuwamo mama na binti yake, au mtu na mkwewe. Kitabu ambacho kila mmoja angekisoma peke yake bila ya taabu chaweza kuwa kizito wakikaa pamoja.

Wako wasemao kwamba kitabu chochote chenye jambo la aibu kisikaribie baraza. Wako wasemao kwamba mtu mzima ni mtu mzima, na asomewe kila kitu. Nimezisikiliza pande zote mbili na naona kila moja ina sehemu ya haki. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo yaliyomo. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, yaeleza juu ya msichana aliyefungiwa ndani na baba mkali, na yaliyompata alipotoka. Yote mawili ni mambo yanayotokea katika mitaa yetu, na wazazi wanaokataa kuyasoma hawatayazuia kutokea.

Hata hivyo kusoma si lazima kuwe ni kwa kundi zima. Nimeona kikundi cha akina mama kikigawanyika kwa kitabu kimoja tu, wazee wakazungumza siku yao na mabinti siku yao, kisha mwezi uliofuata wakarudi pamoja. Hapana aliyetiwa haya wala aliyenyimwa kitabu. Mwenye zamu na atazame nani watakaoketi, kama vile mpishi anavyouliza nani watakaokula kabla ya kutia pilipili.

KITABU CHA KUZUNGUSHWA KATIKA SIMU

Nimetaja bei, na najua msomaji mwerevu amekwisha kunijibu moyoni: "Bei ya nini? Si twatumiana katika simu?" Ni kweli. Vitabu vingi sasa huzungushwa hivyo, mmoja akanunua au asinunue, na mia wakapata. Na kwa siri hii ndiyo sababu kubwa ya kitabu fulani kuchaguliwa: si kwamba kimependwa, bali kwamba kimekwisha kuonekana bure.

Simlaumu maskini anayetaka kusoma. Lakini mwandishi wa Kiswahili naye ana watoto. Na kwa kuwa wengi wetu hupenda kujua sharia yasemaje, nitakumbusha kwamba Majmaa wa Kimataifa wa Fiqhi ya Kiislamu, wenye makao yake Jeddah, ulipokutana Kuwait mwezi wa Desemba mwaka 1988, uliamua kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia na kwamba haifai kuzidhulumu. Aidha, madhara yake twayaona wenyewe. Kitabu cha Kiswahili kinachozungushwa bure hakirudi kwenye mtambo, na mwaka ujao tutakaa tukisema vitabu vya Kiswahili havipatikani.

TUCHEZE UPATU WA VITABU

Basi tufanyeje? Mimi naona dawa imo mikononi mwetu siku nyingi, hasa mikononi mwa akina mama. Nani miongoni mwao hajui kucheza upatu? Watu 12 huchanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja huchukua. Hapana anayepiga kura nani achukue, wala hapana anayeulizwa atazifanyia nini fedha hizo. Zamu ni zamu.

Tufanye hivyo katika kusoma. Kila mwanachama atoe kiasi kidogo, kilicho sawa na uwezo wa yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mwenye zamu achukue mchango huo akanunue kitabu alichokichagua, nakala tatu au nne kwa mujibu wa fedha zilizopo. Nakala hizo zizunguke, wiki kwa huyu na wiki kwa yule. Wasiofikiwa wasomewe, maana kusomewa si aibu. Babu zetu walisomewa, na wakunja sigara wa Cuba walisomewa, na hapana aliyewaita wajinga. Sura moja isomwe kwa sauti hapo hapo barazani kila tukutanapo. Mwaka ukikwisha kikundi kitakuwa na maktaba ya vitabu 12, na nakala zisizopungua 36, ambazo ni mali ya wote na zaweza kuazimwa kikundi cha mtaa wa pili.

Kwa njia hii fedha na chaguo vinakwenda pamoja mkononi mwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, kisha vinahama. Muuza mahamri atakuwa na mwezi wake kama alivyo nao karani wa bandarini. Na muuza vitabu, akijua kwamba vikundi kumi vya mjini hununua nakala nne nne kila mwezi, ataanza kutuuliza twataka nini badala ya kutuwekea alichonacho, kama vile yule mchapishaji wa Uingereza alivyoweza kupunguza bei kwa sababu wanunuzi walikuwa wamejiandikisha mapema.

Kabla ya kumruhusu mwenye zamu kutaja jina la kitabu, kikundi na kimwulize maswali matatu tu. Je, kila mmoja wetu atakipata? Je, kila mmoja wetu ataweza kukisoma au kusomewa? Na wewe mwenyewe, umekwisha kukisoma angalau kurasa za mwanzo, ukajua kwa nini wataka tukisome? Akijibu ndiyo mara tatu, basi na tumfuate, hata kama kitabu chake ni cha mashairi, hata kama hakikupewa tuzo na mtu yeyote.

Wasomaji ambao vikundi vyao vimepata njia nyingine iliyowafaa, nawaomba wasiifiche. Na walio na mwenzao aliyekuwa akija kisha akaanza kupata wageni wasiokwisha, wiki hii na wampitie kwake wamjulie hali, kabla ya kuchagua kitabu cha mwezi ujao.